Baiskeli mwambao wa Ziwa Kivu, toka Rubavu mpaka Rusizi, unalala kwa wenyeji

Watu wakisikia nimepita mwambao wa Ziwa Kivu upande wa Rwanda na baiskeli, swali la kwanza huwa ni kilomita ngapi. Najibu 227, ndo urefu wa ile njia inayoitwa Congo Nile Trail toka Rubavu kaskazini mpaka Rusizi kusini, halafu hapohapo namwambia mtu hiyo namba asiipangie safari. Aliyezoea barabara za Shinyanga au Singida kilomita 227 anazimaliza kwa siku mbili na bado ana nguvu. Kivu weka siku tano, na kama unapenda kukaa na watu weka sita au saba.

Mara ya kwanza mimi nilipanga kwa kilomita. Mwenyeji wangu wa Rutsiro, wilaya iliyo kati ya Rubavu na Karongi, nilimwambia nafika saa tisa mchana, nikafika giza limeshaingia, nikamkuta yule mama amesimama njiani na tochi yeye na mwanae, na ndani chakula kimepikwa toka saa kumi hakuna aliyekigusa, wote wananisubiri mgeni. Iliniuma kuliko miguu. Toka siku ile naanza na nyumba nitakayolala, najua ni ya nani na iko juu ya kilima au chini ufukweni, ndo nahesabu milima ya kufika pale mchana jua bado liko juu. Kilomita naziangalia mwisho kabisa.

Kwanza uelewe kwa nini milima haiishi, maana kwenye ramani barabara inaonekana inafuata ziwa na wewe unadhani itakuwa kama kutoka Dar kwenda Bagamoyo. Mashariki ya ziwa kuna safu ya milima inayogawa maji, ya upande mmoja yanaenda Nile, ya huku yanashuka Kivu, yanatoka kwa mto Ruzizi kwenda Tanganyika na mwisho yanaingia mto Kongo, jina la njia limetoka hapo. Sasa kila kijito kinachoshuka kuja ziwani kimechimba bonde lake, na wewe unakata mabonde yote hayo moja baada ya jingine, unashuka mpaka darajani unapanda tena, unashuka unapanda. Ziwa lenyewe liko mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, yaani ukiwa umekanyaga mchanga wa ufukweni uko juu kidogo kuliko Arusha mjini, kwa hiyo anayetoka Tanga au Mombasa siku mbili za kwanza pumzi itakuwa fupi, asiogope, apunguze mwendo tu.

Njia ziko mbili. Kuna lami, ile barabara mpya inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi, imetulia, ina bega zuri sehemu nyingi, ila inapita juu na vilima vyake ni virefu, unaweza kupanda nusu saa nzima hujaona mteremko. Na kuna ya vumbi, iko karibu zaidi na maji, inapita vijiji vya wavuvi na mashamba ya kahawa, vilima vyake vifupi lakini vimesimama wima, vingine utakokota baiskeli na hakuna aibu, hata vijana wa pale wenye mizigo wanakokota. Ushauri wangu ni kuchanganya, vumbi toka Rubavu mpaka Karongi halafu lami toka Karongi mpaka Rusizi. Hiyo ni kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa nane, au ile nafasi ndogo ya mwezi wa kwanza na wa pili. Machi mpaka Mei mvua ni kubwa, udongo mwekundu unanata kwenye tairi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka, hapo pita lami mwanzo mwisho na usijaribu kubishana.

Baiskeli

Sio lazima iwe ya bei. Kinachotakiwa ni gia ya kupandia, na kipimo changu ni hiki: kwenye gia nyepesi kabisa duara la meno la mbele liwe na meno machache kuliko duara kubwa la nyuma. Kama la mbele lina 26 na la nyuma 34 uko vizuri hata na mzigo. Kama la mbele ni 42 na la nyuma 28, hiyo ni baiskeli ya tambarare, itakuua magoti siku ya pili. Tairi ziwe pana, milimita 40 kwenda juu kwa ajili ya kokoto.

Breki ndo nazisisitiza kuliko gia, kwa sababu kupanda ukichoka unashuka unatembea, mteremko hauna huruma hiyo. Beba pedi za akiba seti mbili na waya mmoja. Mkienda wawili mabegi yamejaa usiende umebana breki mfululizo toka juu mpaka chini, rimu zinachemka na tyubu inaweza kupasuka, bana kwa nguvu kidogo achia, bana achia, na kona za lami zile usizikate kwa ndani maana lori linaweza kuwa linapanda upande huohuo. Na hapa wanaotoka Tanzania, Kenya na Uganda wawe makini sana, Rwanda magari yanapita kulia. Ukivuka Rusumo, mpakani na Tanzania, kwa baiskeli pale darajani ndo unahama upande, asubuhi ya kwanza akili inasahau hasa ukitoka uani kwa mwenyeji na barabara haina gari, unajikuta umeingia kushoto. Mimi nilikuwa nabandika plasta kwenye usukani upande wa kulia inikumbushe.

Mafundi wapo wengi, baiskeli huku ni kazi, kuna wale vijana wanaitwa abanyonzi wanabeba abiria na mizigo kwa baiskeli za gia moja, kila senta utakuta fundi amekaa chini ya mti na spana na gundi ya viraka. Wanaziba pancha vizuri sana. Tatizo ni spea, kama saizi yako ni ngeni tyubu hawana, beba mbili za kwako, spoki tatu nne, kipande cha mnyororo. Mzigo upunguze, kwa sababu unalala ndani ya nyumba za watu hema na jiko viache, na hapo ndo faida ya kwanza ya wenyeji unaiona kwenye mlima. Nilikuwa na kilo 9 na bado nilizisikia.

Utawapata vipi wenyeji

Kuna mtandao wa Warmshowers, ulianzishwa 1993, wa waendesha baiskeli kukaribishana bure majumbani duniani kote, unajiunga na wewe unakuwa tayari kupokea wengine kwako. Ujaribu, hasa kwa siku za Kigali kabla ya kuanza, ila kwa vijijini usiutegemee peke yake. Huko kuna nyumba za wageni za makanisa, kwa mfano Karongi kuna Home Saint Jean ya Wakatoliki, iko juu ya kilima na ziwa lote liko chini yako. Kuna familia za wakulima wa kahawa zinazopokea wageni, sehemu za Kinunu na kwingine. Lakini njia iliyonisaidia kuliko zote ni mwenyeji wa leo kukutafutia wa kesho. Ukishakula nao jioni mwambie baba au mama wa nyumba kesho unataka ufike wapi, kuna binamu, kuna mwalimu aliyesoma naye, kuna mama wa kwaya, anapiga simu palepale na wewe unasalimia kwenye simu. Kesho yake unaenda kwa mtu ambaye tayari anajua jina lako na anajua nyama unakula au huli.

Bei mkubaliane kwenye simu hiyohiyo. Usiache mpaka asubuhi, maana asubuhi mwenyeji ataona aibu kutaja na wewe utaona aibu kuuliza, mtaachana kila mtu ana kitu moyoni. Kama amesema bure, usimlazimishe hela, nunua kitu senta kabla hujafika, sukari, mchele, sabuni, mafuta ya kula, umkabidhi mama. Na saa sita mchana mpigie simu umwambie uko wapi. Sio mpaka uchelewe ndo upige, piga kila siku. Laini ya Rwanda utaipata kwa pasi yako ya kusafiria, weka na MoMo, pesa ya kwenye simu, noti ndogondogo pia ziwepo.

Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Ukisema nafika saa kumi na simu yako bado inasoma saa ya Dar au Nairobi mtapishana. Jua linazama kwenye saa kumi na mbili jioni ya kwao na giza linaingia ghafla, kwa hiyo mimi lengo langu huwa saa tisa niwe uani.

Ukifika

Salamu kwanza kabla hujashuka mzigo. Asubuhi mwaramutse, mchana na jioni mwiriwe, asante ni murakoze. Shikamoo wengi hawaitumii, heshima kwa mzee unaionyesha kwa mkono, unampa wa kulia na wa kushoto unashika mkono wako wa kulia karibu na kiwiko. Rubavu na Kamembe, ndo mji wenyewe wa Rusizi, Kiswahili utaongea bila shida, ni miji ya mpakani, watu wamekuwa wakifanya biashara na Goma na Bukavu miaka yote, na Kiswahili ni lugha rasmi Rwanda toka 2017. Ila ukipanda vilima vya Rutsiro na Nyamasheke ni Kinyarwanda, na sisi tuna bahati kwa sababu maneno mengi yanafanana, amazi ni maji, mengine ni ya kujifunza tu, umuhanda ni barabara, igare ni baiskeli. Ukiuliza na mtu akakwambia ni hafi, hafi ni karibu kweli, lakini karibu ya mtu anayepanda kilima kile kila siku toka utotoni.

Mwenyeji akiomba kitambulisho chako au pasi ampelekee kiongozi wa mudugudu, mpe bila kununa. Mudugudu ndo ngazi ya chini kabisa ya utawala, kama kitongoji kwetu, na kujulikana kwamba uko pale ni ulinzi wako na wa nyumba iliyokupokea. Nilishamuona mgeni mmoja anabishana na mzee wa watu kuhusu hilo, mzee wa watu akabaki amekaa tu kimya nyumbani kwake mwenyewe. Usifanye hivyo.

Maji ya kuoga. Hili naliongea kila nikipata nafasi kwa sababu wengi hatuoni. Unafika una vumbi mpaka masikioni, unapewa ndoo moja au mbili za maji ya moto, unaona kawaida. Ile ndoo mara nyingi imepandishwa kichwani toka bondeni, na mara nyingi aliyeipandisha ni mtoto. Oga nusu, nusu ibakize, na baiskeli usiioshe kwa maji ya nyumbani hata kama ina matope, kwangua na kijiti, kesho utapita kijito.

Kula usile njiani unaendesha au umesimama kando ya barabara na ndizi mkononi. Watu wa huku hawapendi, kula ni kwa kukaa ndani, ingia mgahawani uagize chai ya maziwa na mandazi, watakuheshimu na utapumzika vizuri. Mchana kuna melanji, sahani moja unajaza viazi, maharage, wali, ndizi, isombe yaani kisamvu, hicho ndo chakula cha mlima. Kuna sehemu wanauza maziwa tu, ya moto au ya mgando yale wanaita ikivuguto, nusu lita ya ikivuguto saa nne asubuhi inakupandisha kilima kuliko soda yoyote. Na sambaza, vidagaa vya ziwani, vya kukaanga na pilipili, hivyo jioni kwa mwenyeji. Asili yake ni ziwa Tanganyika, vililetwa Kivu miaka ya 1950, leo huwezi kuliwaza ziwa hili bila hivyo. Ukikaa nje usiku utaona taa ziwani, ni mitumbwi inaenda mitatumitatu imeunganishwa na miti mirefu, na ukinyamaza utasikia wavuvi wanaimba wakipiga kasia. Mimi nilikaa nje Kinunu mpaka mama akatoka kuniita mara ya pili nikalale.

Kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994. Utapita karibu na Bisesero, juu ya Karongi, kuna kumbukumbu pale ya watu waliojihami kwa mawe na mikuki juu ya vilima vile na wengi sana wakauawa. Ukiweza panda uende, lakini kwenye nyumba uliyolala usiulize mtu kabila wala alikuwa wapi mwaka ule. Akiamua kukueleza mwenyewe, sikiliza mpaka amalize. Ukisafiri kuanzia tarehe 7 Aprili ujue ni wiki ya maombolezo, muziki na sherehe hakuna.

Watoto watakukimbilia kila kilima, wengine wanasukuma baiskeli kwa nyuma kwa nia njema kabisa, wengine wanadandia keria na hapo unaweza kuanguka. Shuka, salimia, tembea nao kidogo. Hela na pipi usigawe barabarani, ukitaka kusaidia muulize mwenyeji shule iko wapi. Na mifuko ya plastiki usiingie nayo, imepigwa marufuku toka 2008, nguo zako zifunge kwenye mfuko wa kitambaa.

Siku zenyewe

Rubavu ukifika tulia siku moja. Usiku anga la upande wa Goma linaweza kuwa jekundu, ni Nyiragongo, ule mlima wa moto. Mpaka wenyewe usiuvuke kwa matembezi bila kusikiliza hali ikoje wiki hiyo, kule watu wamepitia mengi. Na ukiwa upande huu usijilaze kwenye vibonde vidogo karibu na ziwa bila kuuliza, kuna sehemu hewa nzito ya kaboni dayoksaidi inatulia chini, wenyeji wanaiita mazuku, haina rangi na inaua.

Siku ya kwanza ni Rubavu mpaka Kinunu, unapita Nyamyumba kwenye chemchemi za maji moto halafu vumbi linaanza, ni kama kilomita 45 na zitakula siku nzima, toka saa kumi na mbili asubuhi. Ya pili Kinunu mpaka Karongi, ndo ngumu kuliko zote kwangu, mwisho wake unaungana na lami ukiwa umechoka na bado kuna kupanda. Karongi pumzika siku nzima, panda boti uende kisiwani kuona popo, fua nguo, angalia pedi za breki. Kama ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujue asubuhi ni umuganda, watu wote wako kwenye kazi ya pamoja mpaka saa tano na maduka yamefungwa, usipange kusafiri muda huo. Omba jembe uende na mwenyeji wako, mimi nilienda tukazibua mtaro na mchana wake kila mtu senta alikuwa ananiita jina.

Toka Karongi kwenda Nyamasheke ni siku mbili za lami, lala katikati sehemu za Mugonero. Hapa ndo utaona vijana wa abanyonzi wanakupita mlimani na gunia la viazi, usishindane nao. Nchi hii inapenda baiskeli kwa dhati, mashindano ya dunia ya barabarani yamefanyika Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, kwa hiyo ukipita na kofia ngumu wazee watakupigia makofi toka barazani. Utaona pia vijana wanashika nyuma ya malori wapandishwe. Usijaribu hata ukiwa umechoka vipi.

Siku ya mwisho inakupeleka Kamembe, mashamba ya chai pande zote, visiwa chini kulia, na Bukavu ng'ambo. Baiskeli ya kurudi nayo Kigali kwa basi ongea na kampuni jana yake, fungua pedeli na gurudumu la mbele, funga usukani pembeni, wengine wanakataa ikiwa nzima. Anayetaka kuendelea kwa baiskeli badala ya basi anaingia msitu wa Nyungwe, abebe koti la mvua na chakula cha kutosha, vilima ni virefu na nyumba hamna.

Lakini kabla ya kutafuta basi, kaa chini na simu upige kwa kila nyumba uliyolala, ukianzia ya kwanza. Nilipompigia yule mama wa Rutsiro hakuuliza safari ilikuwaje, aliuliza jana nilifika saa ngapi. Nikamwambia saa tisa kasoro. Akamwita mwanae aje asikie.